Darasa likiitikia, mimi bado sijasikia kitu

Darasa la kwanza likiitikia kwa pamoja, mgeni lazima afurahi. Atasimama mlangoni mikono nyuma, atatabasamu, kisha ataniambia, "Hongera mwalimu, watoto wanasoma." Mimi humshukuru na kumtafutia kiti. Sina haja ya kumharibia asubuhi yake. Lakini watoto 90 wakisema "ma, me, mi, mo, mu" kwa sauti moja, wanaosoma huenda wakawa 20. Waliobaki wanaimba, na kuimba hawakujifunza kwangu. Huku usukumani mtoto anajua kupokea wimbo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya kijijini, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Kila Januari napokea watoto waliopitia darasa la awali, na wengine waliotoka moja kwa moja machungani, miguu bado ina vumbi la ng'ombe. Nyumbani wengi wanaongea Kisukuma. Kiswahili wamekisikia redioni, mnadani na kwa mwalimu wa awali. Ndani ya mwaka huohuo wanatakiwa waanze kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK ambazo mtaala wa 2015 ulizifanya kazi kuu ya madarasa mawili ya mwanzo, na ambazo hata mtaala mpya ulioingia darasa la kwanza Januari 2024 haukuziondoa. Kipindi chetu ni dakika 30. Zigawe dakika hizo kwa watoto 90: kila mmoja anapata sekunde 20, na hapo hujasalimia, hujafuta ubao, hujamwambia yeyote arudishe kifutio cha mwenzake.

Kwa hiyo siku yangu nzima nimeipanga ili nipate kumsikia mtoto mmojammoja. Mengine yote ninayofanya darasani yanazunguka hapo.

Naanza na majina. Ukutani nimetundika sandarusi lililokatwa, nikalishonea vimfuko, safu kwa safu kama madawati yalivyokaa. Kadi za majina zinakaa mezani kwangu, zimevurugwa makusudi. Mtoto anaingia, "Mwalimu shikamoo," "Marahaba, haya chukua jina lako." Anatafuta, anageuza, anasukumana kidogo na mwenzake, anaichomeka kadi kwenye kimfuko chake, anakwenda kukaa. Kadi zilizobaki mezani ni za wasiokuja. Rejesta ya mahudhurio naijaza kwa kuangalia meza tu, na siku ya mnada meza inakuwa imejaa.

Hapo kwenye majina ndipo mtoto wa Kisukuma anapokutana na mlima wake wa kwanza. Vitabu vya kuanzia vina huruma, vinampa "mama", "kaka", "dada". Sasa wewe unaitwa Ng'wandu. Au Nkwimba. Au Mhoja. Silabi ya kwanza ya jina lako haimo kwenye ukurasa wowote wa muhula wa kwanza, na herufi zake zimepangana kama abiria wa mwisho wa mwezi kabla hujaiona irabu. Mapacha, Kulwa na Doto, sikosi jozi karibu kila mwaka, na kila mwaka naona uonevu uleule: Doto anasoma jina lake mapema kabisa, do, to, kwisha. Kulwa, aliyetangulia kuzaliwa, bado anapigana na "lwa" wakati mdogo wake anamcheka. Siwabadilishii majina wala siyafupishi. Mtoto anayetaka jina lake atalipata, hata kama ataanza kwa kulitambua kwa kile kimkia cha juu cha ng'.

Baada ya majina tunaingia kwenye sauti. Herufi naifundisha kwa sauti yake. Hii ni mmm, midomo imefungwa, pua inatetemeka. Weka kidole puani uisikie. Nikimpa jina la herufi, "em", kisha nikimwambia aunganishe na "a", ananiletea "ema", na ana haki. Miaka hii kuna taabu nyingine mpya, nyimbo za herufi za Kiingereza kwenye simu za kaka zao. Mtoto anakuja anajua "ei, bii, sii" mpaka mwisho, mzazi anajivuna, halafu nikimwandikia "mimi" ananisomea "maimai". Kwake i ni "ai", na e ndiyo "ii". Kumtoa hapo kunachukua muda mrefu kuliko kumfundisha asiyejua kitu. Simlaumu mzazi. Amefanya alichoweza na bando lake.

Kuunganisha sauti tunafanya kwa miguu. Mmoja anashika kadi ya m, anasimama ukutani upande wa mlango. Mwingine anashika a, upande wa dirisha. Darasa linashikilia mmmmm bila kupumua huku wawili hao wakisogeleana polepole, na wakigongana tu, "MA!" Wanaipenda mno. Kuna wanaogongana kwa vichwa badala ya kadi, na kuna wanaotembea taratibu kwa ubaya wa makusudi ili wenzao waishiwe pumzi. Lakini baada ya hapo hakuna anayeniuliza "ma" imetoka wapi. Wameiona ikitengenezwa.

Kisha, na hili walimu wenzangu wengine hawalipendi, silabi siziandiki ubaoni kwa mpangilio. Ukiandika ba be bi bo bu umeandika wimbo. Mtoto akishika "ba" ya kwanza, zilizobaki zinajileta zenyewe, hata ukizifuta. Mimi naandika bo, la, mu, ki, ba. Kelele zinapungua ghafla. Wale 20 wanaendelea, na sauti za wengine zinachelewa nusu sekunde, zinasubiri kusikia jirani amesema nini. Ukikaa nao muda, sikio linazoea kuusikia ule ucheleweshaji.

Mwaka huu ninaye mmoja wa dawati la dirishani, mdomo mwepesi, ndiye anayeongoza wenzake kuitikia. Ukurasa mzima wa kitabu anausoma macho yakiwa kwenye kenchi za paa. Ameusikia kwa jirani, ameusikia kwa dada yake wa darasa la pili, picha inamkumbusha wapi pa kuanzia. Niliifunika picha kwa kiganja nikamwonyesha mstari wa tatu. Akanitazama kwa huruma, kama kwamba mimi ndiye nimesahau utaratibu, akaanza upya kutoka mstari wa kwanza ili afike wa tatu.

Mtoto huyu si mjinga. Kichwa chake kina kumbukumbu ambayo mimi sina. Kwenye kuitikia kwa pamoja asingenaswa kamwe, na angefika darasa la tatu akiwa kiongozi wa kelele asiyejua kusoma. Wako wengi waliofika hivyo.

Ndiyo maana kuna mkeka. Nimeutandika karibu na mlango, penye mwanga, na kila siku safu moja ya madawati inakuja kwangu, mmojammoja, wakati wengine wanafanya kazi nyingine. Hiyo kazi nyingine ndiyo yenye akili, maana watoto 80 wasio na cha kufanya hawatakuachia hata huyo mmoja. Kuna kundi linalofinyanga herufi kwa udongo mweusi wa mbugani, ule unaonata kwenye kandambili wakati wa mvua. Kuna wanaopanga vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi kwa rangi ya mafuta, watengeneze maneno. Kuna wanaonakili. Nimeweka viongozi wa makundi na nawabadilisha, kwa sababu ukimwacha kiongozi mmoja muda mrefu anaanza kutembea na fimbo. Darasa halitulii. Mwalimu wa zamu akipita huchungulia kuona kama nipo. Nipo, nimekaa chini.

Pale mkekani mtoto anapewa kadi tano. Sauti, silabi, halafu maneno mawili. Haichukui dakika mbili. Ninalo daftari langu, si la kuonyesha mtu: nukta kama ameshika sauti, kistari kama anaunganisha, duara kama neno limemjia.

Hilo la neno kumjia ndilo ninalolisubiri. Kuna binti alisoma "ku... ku", safi kabisa, kisha akanyamaza akisubiri kadi nyingine. Nikamuuliza, umesoma nini? "Ku, na ku nyingine." Ziunganishe. "Kuku." Amesema kwa sauti ileile ya silabi, uso hauna kitu. Halafu, baada ya muda, macho yakamtoka. "Kuku!" Akageuka kuangalia nje, ambako kuku wa mwalimu mkuu walikuwa wanakula mabaki ya uji, akaangalia kadi, akaangalia tena nje. Nilichora duara.

Lakini duara langu ninalolipenda kuliko yote nilimchorea mtoto aliyenijibu kwa Kisukuma. Kadi ilikuwa na neno "maji". Akasoma taratibu, ma, ji, akafikiri, kisha akaniambia, "Minzi."

Najua kuna wataalamu ambao wangemsahihisha hapohapo. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na kadi imeandikwa Kiswahili. Mimi nilisimamisha darasa zima nikaomba apigiwe makofi kilo tatu. Fikiria njia aliyopita: ameona herufi, amezigeuza sauti, sauti zikawa neno la lugha ambayo bado ni ngeni kwake, neno likamfikisha kwenye kitu, na kile kitu akakiita kwa jina lake la nyumbani. Hakuna wimbo duniani unaoweza kumtoa mtoto "minzi" kwenye kadi iliyoandikwa "maji". Wiki hiyo watoto wengine nao walianza kunisomea kwa Kisukuma wakitafuta makofi, ikabidi niweke sheria: kwanza Kiswahili, halafu ukitaka la nyumbani, uniambie.

Tangu hapo maneno ya kadi nayachagua kwa kuangalia nje ya dirisha. Zizi, dume, pamba, mtama, jembe, michembe. Neno "meli" lina herufi nyepesi, lakini mtoto ambaye hajawahi kuiona wala kuisikia anaweza kulisoma sawasawa na lisimfikishe popote. Ziwa liko mkoani kwetu, ndiyo, lakini kwa mtoto wa hapa liko mbali.

Kuhusu r na l, nimeshakubaliana na nafsi yangu. Kisukuma kinatumia l, kwa hiyo "habari" inakuja "habali" na rula inakuwa "lula". Akiwa anasoma kadi na kuelewa, simkatizi. Kwenye kuandika ndipo tunapigana, kwa sababu kura si kula, na huko mbele kuna mitihani.

Kuandika nitakusimulia kwa ufupi, kwani kwa sehemu kubwa ni vita ya penseli. Tunaanza hewani kwa mkono mzima, tunahamia mchangani kwa kidole, tunaandikiana mgongoni na mwenzako akisie herufi gani. Daftari linakuja baadaye kuliko wazazi wanavyotaka. Penseli moja tunaikata mara mbili ili itoshe wawili, vichongeo havikai, wembe naushika mimi mwenyewe. Mwaka huu nina mtoto anayetumia mkono wa kushoto, na bibi yake alikuja shuleni kunilalamikia kwamba namwacha autumie. Nikamsalimia, nikampa kiti, nikamwonyesha daftari la mjukuu wake. Alilitazama muda mrefu. Herufi za yule mtoto ni nzuri kuliko zangu. Bibi akasema, "Mkono wa kula lakini asiuguse huo," nikasema sawa bibi, huo tutaulinda.

Kwenye hesabu ugonjwa ni uleule wa kuimba, tena mbaya zaidi, kwa sababu kuhesabu mpaka 100 kwa sauti kunawapendeza hata wajumbe wa kamati ya shule. Mwambie mtoto huyohuyo, nipe vizibo saba. Anaanza, moja mbili tatu nne, mdomo unakimbia na mkono unabaki nyuma, akifika saba mkononi ana vizibo vitano, anakupa kwa ujasiri kabisa. Kwa hiyo kwangu hakuna kuhesabu bila kugusa. Kizibo kinahama kutoka kwenye duara moja la chaki kwenda jingine, ndipo namba inatamkwa. Wakishazoea, tunakwenda kwenye mabua ya mtama yaliyokatwa urefu wa kidole. Yakifika kumi yanafungwa na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na fungu lile haliruhusiwi kufunguliwa ovyo. Mafungu mawili na mabua matatu, ishirini na tatu. Tukifika mafungu matatu tunapata "selasini", na hapo napumzisha ulimi wao kwa siku hiyo. Th itakuja. Alimradi mafungu ni matatu.

Vizibo vyenyewe natunziwa na mama mwenye duka la vinywaji pale senta. Si vyote ni vya soda, nakiri. Mzazi mmoja aliinua kimoja kwenye kikao, akasoma maandishi ya juu kwa sauti, akauliza kama watoto wanafundishwa bia. Nikamwambia, "Baba, kigeuze." Upande wa ndani palikuwa na "ba".

Watoto wanaochunga wananifundisha jambo jingine kabisa. Nilimuuliza mmoja, ng'ombe wenu ni wangapi? Hajui. Sasa utajuaje mmoja akipotea? Akanishangaa. Atajua kwa sababu hatamwona yule mwenye baka jeupe, au yule mwenye pembe iliyovunjika. Hahesabu, anaangalia nani hayupo. Nikakumbuka meza yangu ya kadi nikaona tuko kazi moja. Na yule binti anayemsaidia mama yake kuuza karanga mnadani anajua ukimpa 500 kwa kikombe cha 200 anakurudishia 300, hafikirii hata kidogo. Mwandikie ubaoni 5 kutoa 2 anatafuta vidole. Kwa ajili yake nilianzisha duka pale kona ya nyuma, maboksi matupu ya majani ya chai na sabuni, fedha za karatasi tulizochora. Yeye ndiye muuzaji mkuu. Sasa wenzake wanapanga foleni kujifunza kutoa, na yeye anawakemea kwa sauti ya mama yake.

Saa nne ni uji, ukiwepo. Unategemea mahindi ya wazazi, na kati ya kuisha kwa akiba na mavuno kuna wiki ambazo sufuria linalala limefunikwa. Wiki hizo sifundishi kitu kipya baada ya mapumziko. Tunacheza rede, tunahesabu pointi, tunarudia hadithi. Mtoto mwenye njaa ukimpa silabi mpya unapoteza silabi na unampoteza mtoto.

Wazazi wengi wananiuliza wafanye nini nyumbani, na wanaouliza zaidi ni wale ambao wenyewe hawajui kusoma. Nawapa kadi kumi kwenye mfuko wa nailoni na maelekezo mafupi: zitandaze kwenye ungo, zichanganye, mwambie azisome, kisha muulize umesoma nini. Kesho zichanganye tena. Wengine hucheka, watamsahihishaje mtoto kwa kitu wasichokijua?

Yule kijana wa dawati la dirishani, bingwa wa kenchi, anaishi na bibi yake. Ndiye bibi yuleyule wa mkono wa kushoto. Wajukuu anao wawili darasani kwangu, binamu hao. Alichukua kadi, hakusema kitu. Siku moja alinikuta njiani natoka shule, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, hebu simama." Akafungua fundo la kanga, akatoa kadi moja iliyokunjika pembe, akaniwekea kiganjani.

"Mwalimu, kadi hii juzi ilikuwa 'lo'. Jana usiku kaniambia ni 'le'. Nataka kujua, imebadilika lini?"